Printa ya Chumbani kwa Mama

Jumatatu, 2 Februari 2026

Nimechoka. Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililo karibu.

Printa iko chumbani kwa Mama. Zamani kilikuwa chumba changu cha kazi — meza, printa, ruta ukutani, kalenda ya parokia. Mama mkwe alipopigwa kiharusi mwezi wa saba, Elias, mume wangu, akasema hicho ndicho chumba kilicho karibu na bafu, na ni kweli. Kitanda kikaingia. Mimi na laptop tukahamia chumbani kwetu, ukingoni mwa kitanda. Printa ikabaki. Ni kubwa, nzito, ya zamani, haijui habari za mtandao, inataka waya tu. Na huku kwetu hakuna pa kuiweka.

Kwa hiyo naandika huku, nabeba laptop, navuka korido, nachomeka waya, nachapa. Mama anashtuka. Akishashtuka halali tena, na asipolala analia bila sauti, machozi tu. Mimi nimesimama pale na tasnifu ya mteja kuhusu ufugaji wa samaki kwenye vizimba, sijui nianze na lipi. Nimfute machozi au nipange kurasa? Leo nimefanya vyote viwili, na vyote vibaya.

Nimempigia Elias kule Geita anakofanya kazi. Anasema kuna kifaa cha hayo mambo. Ataulizia.


Jumamosi, 7 Februari

Elias amefika asubuhi. Tangu daraja la Busisi lifunguliwe anakuja kila Jumamosi, hakuna tena kulala foleni ya kivuko. Amekuja na fundi, Odongo, mtu mzima wa Rorya mwenye ndevu za mvi. Amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamsalimu Mama shikamoo kabla hajagusa chochote. Nimempenda kwa hilo.

Kifaa chenyewe ni kisanduku cheusi, kidogo kuliko sahani ya chai. Ameeleza polepole: printa hii haijui kuongea na mtandao, basi kisanduku ndicho mkalimani wake. Waya mmoja unatoka kwenye printa unaingia humo, mwingine unatoka humo unaingia kwenye ruta. Kikishapata anwani yake, mashine yoyote ya nyumba hii inatuma kurasa pale bila mtu kuingia chumbani.

Ilichukua muda. Laptop haikuiona. Akazima, akawasha. Haikuiona. Akabadilisha waya. Nikiwa nimekaa huku kitandani kwangu nikabonyeza — na nikaisikia printa inanguruma upande wa pili wa ukuta. Sijanyanyua hata mguu!

Winnie amesikia, akatoka uani na laptop yake. Ni mdogo wake Elias. Anakaa vyumba viwili vya nyuma, kimoja analala, kingine anafundishia chekechea. Naye akataka aunganishwe. Odongo akauliza huyu ni nani, nikasema wifi yangu. Akasema basi nyumba hii ina waifai na wifi, haiwezi kukosa mawasiliano. Utani wa kawaida. Nimecheka kuliko ulivyostahili, mpaka Elias akanitazama.

Muda mrefu sikuwa nimecheka.


Jumanne, 10 Februari

Raha ilikuwa fupi. Umeme umekatika asubuhi, umerudi mchana, laptop inasema printa haipo. Ipo! Naiona kwa macho yangu. Odongo kwa simu: ruta ikizimika inagawa anwani upya, kisanduku kimepewa nyingine, mimi bado natuma kwenye ile ya mwanzo. Amenielekeza jinsi ya kukifungia anwani moja isibadilike. Nimefanya nikiwa nimekaa sakafuni karibu na kitanda cha Mama, namweleza ninachofanya, maana kukaa kimya karibu naye ni kama kumsema.

Akasema, "Haya."

Ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Chai, Mama? Haya. Nikugeuze? Haya. Mvua inakuja? Haya. Siku moja Winnie alimuuliza kwa utani kama tumpeleke mnadani tukamuuze. Haya. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.


Alhamisi, 12 Februari

Umeme tena. Kabla haujakatika Winnie alikuwa ametuma picha za kupaka rangi za watoto wake wa chekechea — bata, samaki, kikombe. Hazikutoka, akasahau. Umeme uliporudi, foleni yote ikatoka kwa pamoja, printa peke yake mle ndani na Mama. Trei ya mbele ilivunjika zamani. Karatasi zinamwagikia kitandani, upande wake wa kulia, ule uliopooza.

Nilikuwa naanika nguo. Nimemkuta bata wamemfunika mpaka kifuani, macho yamemtoka. Nimemwondolea mmoja mmoja. Nimemwomba radhi. Haya, haya, haya.

Nimemwambia Winnie asitume kitu bila kuniuliza. Amesema sasa mtandao ni wa nini kama kila kitu ni kuuliza. Ana haki. Sikuwa na nguvu ya kubishana.


Jumapili, 15 Februari

Baada ya misa amekuja Masalu, kaka yake Elias, kutoka Misungwi. Gunia la mchele, kuku wawili, viazi. Amepiga magoti kando ya kitanda akamsalimu mama yake Kisukuma, mayu, mayu, kama mtoto, mtu mzima yule mwenye ng'ombe na wajukuu. Nilitoka nikawaachia nafasi.

Sebuleni akasema lililomleta. Amemaliza kujenga chumba kipya, choo kiko ndani. Mke wake yupo, mabinti wapo, mikono iko mingi. Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alituambia Desemba kwamba mkono kama haujaamka mpaka sasa, tusiweke matumaini makubwa. Kwa hiyo hakuna tena cha kumweka mjini.

"Shemeji, umebeba vya kutosha," akasema. "Sasa tupokezane."

Jumapili ya kwanza ya Machi. Elias amekubali kwa simu. Masalu akarudi chumbani kumuuliza mwenyewe kama atakwenda nyumbani. Haya. Nilimwona akifuta macho kwa mkono wa shati.

Nikaenda jikoni, nikashika ukingo wa sinki. Ilikuwa furaha. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma — furaha tupu. Kulala usiku mzima. Kufunga mlango wa bafu nikaoga taratibu.


Jumatano, 18 Februari. Majivu.

Misa ya alfajiri, Winnie alikaa na Mama. Niliporudi Mama akalitazama sana paji langu. Nikagusa majivu kwa kidole nikampaka na yeye. Sijui kama inaruhusiwa.

Jambo dogo. Nilituma kurasa za yule wa vizimba kutoka huku chumbani. Kwenda kuzichukua, nimezikuta zimelala pembeni mwa paja la Mama, zimepangwa, kingo zimelingana. Nikadhani ni Winnie. Winnie anasema hakuingia.

Upepo haupangi karatasi.


Ijumaa, 20 Februari

Nimemwona.

Nilituma kurasa chache, nikavua ndala, nikavuka korido kabla printa haijapata joto, nikasimama kwenye upenyo wa mlango. Ukurasa wa kwanza ukaanguka. Mkono wa kulia — ule uliokufa, ule ninaouosha na kuufuta na kuulaza juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine — ukanyanyuka kwenye shuka. Si sana. Ukalala juu ya karatasi, vidole vikatanuka, ukaisogeza. Ukaja ukurasa wa pili. Mkono ukaulaza juu ya wa kwanza. Akapapasa kingo kwa kiganja mpaka zikakaa sawa.

Mama aliuza vitenge sokoni maisha yake yote. Nimewahi kumwona akikunja doti huku anabishana na mteja, hatazami mikono kabisa, mikono inajiendea. Ndivyo ilivyokuwa leo. Alikuwa anatazama dirishani.

Nikaingia. Nikasema, Mama, inua tena. Akanitazama. Akautazama mkono kana kwamba ni wa jirani. Haukuinuka.

Haya, akasema.

Nimekaa sakafuni pale nikalia. Sikujua nalia furaha au nini. Bado sijui.


Jumatatu, 23 Februari

Nikimwambia ainue, hakuna. Nikimpa karatasi mkononi, inaanguka. Nimemwekea kitenge chake mwenyewe, kile cha kwaya, hakuna. Lakini printa ikinguruma naye akiwa peke yake, mkono unaamka. Ni kama unamsikia mteja.

Basi natuma karatasi tupu. Nabonyeza huku, nakimbia kule, nachungulia. Leo kidole gumba kimekunja pembe ya karatasi. Kimekunja!

Winnie ameniuliza nani anamaliza karatasi namna hii. Nikamwambia foleni ilikwama, ikarudia kutoa. Alinitazama kidogo. Akaenda zake.


Alhamisi, 26 Februari

Elias amepiga simu, akauliza Mama anaendeleaje. Nikasema vilevile.

Vilevile! Neno limetoka lenyewe, laini, kama siyo uongo.

Nijieleze basi, walau hapa. Ikijulikana kwamba mkono umeamka, haendi Misungwi. Mazoezi yako huku. Masalu mwenyewe atasema abaki, kwa nia njema kabisa, na wote watanishukuru. Watanishukuru halafu watarudi makwao. Nitabaki na beseni, mashuka, uji wa kijiko, kumgeuza, kumgeuza tena. Mgongo wangu umeanza kutoa sauti. Wateja wawili wamehamia kwa mwingine, hawakuniambia, nimewaona tu wakipita. Precious, mwanangu, alirudi bwenini Januari na sare ambayo sikuikagua hata vifungo.

Na nikinyamaza? Atakwenda Misungwi, mkono utalala tena, kule hakuna printa wala mtu anayejua. Labda. Labda hautalala. Mimi si daktari. Hiyo "labda" nimeishikilia kutwa nzima, nikifua, nikisonga ugali, nikiandika vizimba vya watu.

Mwenyewe anataka nini, sijamuuliza. Nitamuulizaje? Atasema haya.

Jioni wakati namlisha alinisukumia kijiko kwa mkono wa kushoto, uji ukamwagika. Nikamfokea. Akafumba macho akangoja niishe. Aliwahi kunifokea yeye, miaka ya mwanzo ya ndoa, kwa sababu ya samaki niliyemuunguza. Baadaye akaniletea kitenge bila kusema neno. Mimi sina cha kumletea. Nimembadilisha shuka tu.


Jumamosi, 28 Februari

Elias amefika na godoro jipya la Mama la kwenda nalo. Amelijaribu kwa kulilalia mwenyewe sebuleni, tukacheka wote watatu na Winnie.

Baadaye akanikanda mabega. "Mama Precious," akasema, "nilikuwa nakuona unaisha, sikujua la kufanya." Hajawahi kuniambia hivyo. Tukapanga mambo: chumba kitarudi kuwa ofisi, tutapaka rangi, nitaweka meza chini ya dirisha.

Nikafungua mdomo kumwambia.

Nikamuuliza atakula ugali au wali.


Jumapili, 1 Machi

Naandika haraka. Wako korido.

Masalu amekuja na gari la kuazima, kiti cha nyuma amekitandika mito. Winnie alikuwa anafunga nguo za Mama kwenye begi, anazinusa moja moja, hakuna aliyemzuia. Elias amebeba godoro. Mawingu yametanda upande wa ziwani, Masalu anataka waondoke kabla mvua haijashuka.

Akamwinamia mama yake. Akamuuliza tena, mayu, tunakwenda nyumbani?

"Haya."

"Basi," Masalu akasema, "mwenyewe ameridhia."

Nikaisikia sauti yangu. Sikuwa nimepanga. "Hilo si jibu, shemeji. Anasema haya kwa kila kitu." Halafu, kabla sijapata pa kujificha: "Na mkono wake unafanya kazi."

Elias akaliweka godoro chini. Akauliza mkono upi. Nikaeleza — printa, karatasi zinazomwangukia, jinsi anavyozipanga. Nilieleza vibaya, nikarudia. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Majivu. Nilimwona anahesabu. Nilimwona anakumbuka ile simu ya Alhamisi.

Masalu akapiga magoti, akaweka kiganja chake wazi juu ya shuka. "Mayu, nipe mkono." Tukangoja. Akasema tena, kwa Kisukuma, kwa upole. Mkono umelala pale. Haukutikisika hata kidole. Nilitamani kuuinua mimi.

Masalu akasimama, akanishika bega taratibu, namna mtu anavyomshika mfiwa. Akasema kuuguza kunachosha akili, inatokea mtu anaona anachokitamani. Wote wakanitazama kwa huruma. Wanadhani sitaki aende! Wanadhani nang'ang'ania abaki! Mimi, niliyefurahi peke yangu kwenye sinki. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Yangekuwa yamekwisha hapo. Ningenyamaza tu, wangembeba.

Winnie ndiye aliyesema hapana. Picha alizotuma Jumanne hii alizikuta zimepangwa vizuri, kingo kwa kingo, na wakati huo mimi nilikuwa dukani. Alidhani ni macho yake. Akanigeukia. "Wifi, nenda katume kitu. Sisi tutoke, tuchungulie mlangoni kama wewe."

Elias akafikiri. Akasema kwa sauti ile ya kukata shauri: mkono ukinyanyuka, Mama haendi popote, anabaki hapa na mazoezi yanaanza kesho, mpaka tuone mwisho wake. Usiponyanyuka, wanaondoka sasa hivi. Masalu akakubali. Akaongeza kwamba ukinyanyuka atafurahi kuliko mtu yeyote hapa, na ninajua anasema kweli.

Hakuna aliyeuliza nani atakuwa anambeba kwenda mazoezini. Elias tu, nilipompita, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Utaweza?" Nikasema nitaweza. Sijui kama alikuwa anazungumzia printa.

Mlangoni nikageuka. Mama hakuwa anawatazama wanawe, alikuwa ananitazama mimi. Sikuweza kusoma kitu machoni pale. Yalikuwa yamechoka, hilo tu. Anataka kukaa? Anataka kwenda kwenye chumba kipya, kwenye mikono mingi, mbali na mtu anayemfokea kwa sababu ya uji? Siku zile zote nilikuwa namchungulia, sikukaa hata mara moja nikamwangalia usoni.

Sasa niko huku. Laptop iko magotini. Nimefungua ukurasa mtupu, nimechagua printa. Kilichobaki ni kubonyeza. Nikisema mtandao umekataa, nani atabisha? Wameshaona umeme ukikatika, wameshaona anwani zikipotea. Wataamini wote. Winnie labda hataamini. Mvua imeanza kugonga bati, matone makubwa, bado machache.

Winnie anaita kutoka korido, "Wifi, vipi huko?"

Nimemjibu bado, inaitafuta printa.

Haitafuti. Kwenye skrini imeandikwa, "Tayari."